Marenga Mkali na Mgunda Mkali: Jinsi Misafara Ilivyovuka Nyika

Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuipita nchi iliyo kati ya Mpwapwa na Dodoma wakiwa wameketi ndani ya gari, wala hawakuona neno la ajabu: udongo mwekundu, miiba, mibuyu hapa na pale, na vilima vya mawe kwa mbali. Gari huipita kwa muda wa saa chache, na msafiri akiona kiu hununua maji dirishani. Lakini kwa babu zetu waliokwenda kwa miguu, nchi hii ilikuwa na jina ambalo lilitajwa kwa sauti ya chini kambini, jioni, kabla ya kulala. Iliitwa Marenga Mkali. Katika lugha ya Wagogo malenga ni maji. Basi jina lasema maji makali, yaani maji yenye chumvi na magadi, ambayo mwenye kiu huyanywa na kiu isimwishe. Na ng'ambo ya Ugogo, kabla ya kufika Unyamwezi, lilikuwako pori la pili, Mgunda Mkali, maana yake shamba kali. Hilo lilitisha kuliko la kwanza.

Tumeona vema habari ya mapori haya iingie katika kitabu cha jubilei, kwa sababu wamisionari waliokwenda Ugogo, Unyamwezi, Ujiji na hata Buganda kwa njia ya Bagamoyo au ya Sadani, kabla ya kujengwa reli, walikwenda kwa njia hii. Majina yao yameandikwa, tena mengine yamechorwa juu ya mawe ya makaburi. Majina ya watu waliowachukulia mizigo hayakuandikwa, ila machache. Walakini tukivisoma vitabu vya wasafiri wenyewe, twaona katika kila kitabu jambo lile lile, hata pale ambapo mwandishi hakukusudia kulisema: waliovuka salama ni wale waliokwenda kwa majira ya nchi, na elimu ya majira hayo ilikuwa kwa wapagazi.

Yafaa kwanza kuyaeleza majira yenyewe. Pwani ina mvua mbili. Masika huanza mwezi wa Machi na kuisha Mei, na vuli huja Oktoba au Novemba na kuisha Desemba. Bara ya kati haifuati desturi hiyo. Ugogo hupata mvua moja tu. Huanza mwisho wa Novemba au Desemba, nayo huisha Aprili. Mvua yote ya mwaka mzima pale Dodoma ni yapata milimita 500 au 600, tena haigawanyiki sawasawa: siku moja hunyesha kwa nguvu hata mito ya mchanga ikawa mito kweli, kisha majuma mawili mbingu ni kama shaba. Toka Mei hata Novemba mvua huwa haba kabisa.

Basi mgeni aliyejifunza hali ya hewa kule Unguja, akapanda bara na hesabu ile ile, aliweza kupotea kwa njia mbili. Akiondoka Bagamoyo mwezi wa Machi, masika humkamata mabondeni kabla hajafika milima ya Usagara. Akingoja masika yapite, akapoteza tena miezi kwa kutafuta wapagazi na kununua vitambaa na shanga, akaondoka Oktoba, hufika Ugogo visima vimekauka. Na mvua ya bara humkuta katikati ya Mgunda Mkali. Wakati huo ndio wakati wa njaa. Walimu wetu wa vijijini wanajua: mvua za kwanza hazileti chakula, huleta kazi. Ghala zimekwisha kuwa tupu, na uwele na mtama mpya haujatoa hata suke. Mgeni huiona nchi imekuwa ya kijani, akafurahi, kumbe hapana wa kumwuzia unga.

Wanyamwezi waliyajua hayo kwa kuwa walikuwa wakulima kabla ya kuwa wapagazi. Mavuno yakiisha, vijana walifunga pembe za ndovu, wakashuka pwani kwa safari ya miezi kadhaa. Na kijana ambaye hajaiona bahari alichekwa na wenzake. Wengi walitaka kurudi kwao kabla udongo haujalainika, ili washike jembe. Mfanya biashara wa pwani au Mzungu aliyewaajiri bila kuuliza habari ya shamba, alishangaa mwezi wa Desemba alipoamka na kuona mizigo ipo lakini watu hawapo.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, mbali na mkeka wake, sufuria au chungu, silaha na posho. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani na ngozi ya mbega mgongoni, hata akaonekana toka mbali. Na nyuma yake wenye pembe za ndovu au mitumba ya nguo, kisha wenye shanga, kisha wenye masanduku. Hapana aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi. Njia zilipogawanyika aliiziba ile isiyofaa kwa tawi la mti, au alipiga mstari kwa unyayo, hata mtu wa mwisho, aliyechelewa kwa homa au kwa mwiba, asipotee. Watoto wetu wa shule leo hucheza mchezo wa kufuata alama za namna hiyo. Katika nchi isiyo na maji tawi lile lilikuwa uhai wa mtu.

Wake wa wapagazi walifuatana nao, wengine wakiwa na mtoto mgongoni, kibuyu cha maji mkononi na vyombo kichwani. Wala tusisahau ya kwamba kwa njia hii hii walishushwa watumwa waliofungwa shingoni, na hao hawakuulizwa kama ni masika au kiangazi.

Tuanze na maji mengi, maana msafiri aliyetoka pwani alikutana nayo kwanza. Kati ya milima ya Uluguru na ile ya Usagara iko mbuga ya Makata. Kiangazi ni uwanda wa nyasi, na ardhi yake imepasuka kwa jua. Masika hugeuka kinamasi. Mwandishi wa magazeti Henry Stanley, alipokwenda kumtafuta Dakta Livingstone, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, naye alikuwa wa mwisho katika misafara yake mitano. Waliomjua walikuwa wamemwonya habari ya masika. Yeye alikuwa na haraka. Alipofika Makata watu wake walikwenda siku baada ya siku katika maji na matope, pengine magotini, pengine kiunoni, wameinua mizigo juu ya vichwa. Punda walikufa mmoja baada ya mmoja, na mbwa wake akafa, na yeye mwenyewe akashikwa na tumbo la kuhara hata akakonda sana.

Miaka miwili baadaye Luteni Cameron wa Uingereza alifanya vivyo hivyo, akatoka pwani Machi 1873. Masika yakamkuta na mwenzake Dakta Dillon huko huko, wakaugua. Mwenzao kijana, Robert Moffat, jamaa yake Livingstone, aliyekuwa akiwafuata nyuma na sehemu ya mizigo, akafa mwezi wa Mei kabla hajawafikia. Wote wawili, Stanley na Cameron, walikuwa watu hodari. Nasi hatusemi neno juu ya uhodari wao. Twasema tu ya kwamba mwezi wa Juni mbuga ile ingaliwapitisha kwa viatu vikavu.

Baada ya kuipanda milima ya Usagara msafara hufika Mpwapwa. Mahali hapa palikuwa kama bandari. Maji hushuka toka milimani, chakula kilipatikana, na kila msafara, wa kwenda na wa kurudi, ulipumzika hapo. Hapo ndipo watu waliponunua nafaka, wakashona viatu vya ngozi, wakaponyesha vidonda vya miguu, na zaidi ya yote wakavitazama vibuyu vyao. Kibuyu chenye ufa mdogo hutupwa Mpwapwa. Si jambo la kugundua njiani. Mbele kidogo ni Chunyo, penye maji ya mwisho, nayo yana magadi. Toka Chunyo hata maji ya kwanza ya Ugogo hapana tone.

Stanley ametuachia hesabu nzuri ya mahali hapa, nasi twapenda walimu waifanye pamoja na watoto ubaoni. Asema Marenga Mkali ni zaidi ya maili 30 kwa upana. Msafara mkubwa wa watu zaidi ya 200 hauendi upesi. Kwa saa moja hupita maili moja na robo tatu tu, kwa maana mwenye mzigo hupumzika, na wa mbele hungoja wa nyuma. Basi ni mwendo wa saa 17 bila maji. Hapana mtu awezaye kwenda saa 17 mfululizo, tena katika jua, na ratili 70 begani. Je, wafanyeje?

Wapagazi walikuwa na njia yao ambayo waliiita terekeza. Siku zote msafara huanza alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, yaani saa nne au saa tano ya asubuhi. Siku ya terekeza hawaondoki alfajiri. Hukaa penye maji ya mwisho hata adhuhuri, wakapika na kula, wakanywa kadiri tumbo liwezavyo, wakajaza vibuyu. Hapo jua linapoanza kupinduka ndipo ngoma hulia. Huenda alasiri yote na sehemu ya usiku, hulala porini bila maji ila yale ya vibuyu, wakaamka kabla ya alfajiri na kwenda tena, hata asubuhi ya pili wakafikia maji. Kwa akili hii mtu aliyekwenda nusu ya siku mbili alikaa bila maji muda wa mchana mmoja tu, na jua la saa sita, lililo kali kuliko yote, hakulipata njiani hata mara moja. Neno hili lisichanganywe na kumtelekeza mtu kwa maana ya siku hizi, yaani kumwacha pasipo msaada. Ingawa walikuwako wagonjwa walioketi chini ya mti usiku ule wasiinuke tena, na hao maneno yote mawili yaliwapata.

Mwezi wa Mei 1871 Stanley aliivuka Marenga Mkali kwa njia hiyo. Misafara ya Waarabu iliungana na wake, ili watu wawe wengi, na kuongozwa akaongozwa na Mwarabu aliyeijua njia. Yeye mwenyewe alikuwa na homa kali, akachukuliwa katika machela. Mtu aliyekuja kulitafuta bara kwa bunduki na fedha za Marekani alivushwa katika sehemu mbaya ya njia akiwa amelala, na waliomvusha walikuwa watu wa miguu. Twadhani picha hii ingefaa kuliko ile ya kofia nyeupe iliyozoeleka vitabuni.

Tusidhani kwamba taabu ya hewa kavu ni joto tu. Nchi ya Ugogo iko juu, yapata mita 1,000 na zaidi toka usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake ya alfajiri huuma. Upepo wa mashariki huvuma siku nyingi, na mchana vumbi huzunguka likasimama kama nguzo likipita uwandani. Mpagazi alikuwa na nguo moja. Alilala kati ya moto mbili, akipata. Na kambi ilipokuwa na miti alijenga kibanda cha matawi na nyasi kwa muda mfupi sana, au alikuta vibanda vya msafara uliotangulia akavitengeneza. Ndiyo sababu kuwasha moto vibanda vya kambi wakati wa kuondoka lilikuwa kosa kubwa machoni pa wasafiri. Aliyefanya hivyo alimnyang'anya nyumba mtu ambaye hakumjua.

Msafara ulipotoka Marenga Mkali uliingia kwa Wagogo, na hapo huanza manung'uniko ya kila kitabu: hongo. Burton amenung'unika, na Stanley amenung'unika, na wamisionari hawakubaki nyuma. Kila mtemi alitaka nguo kadhaa kabla ya kuwaruhusu kupita na kuteka maji, na mashauri yaliweza kula siku mbili au tatu. Wasafiri waliuita unyang'anyi. Sisi twaona neno hili lina upande wa pili. Katika Ugogo maji ya kiangazi hayajitokezi yenyewe. Watu wameyachimba katika mchanga wa mito mikavu, au wameyahifadhi katika maziwa madogo, nao wameyahesabu kwa ng'ombe wao na watoto wao hata mvua ije. Watu 300 au 400 wenye kiu wakija siku moja na punda wao, hukausha kisima cha kijiji. Kisha huenda zao, na mwenyeji hubaki. Ikiwa mtu atoza kitu kwa maji ambayo ni uhai wa mifugo yake katika mwezi wa Septemba, hatudhani kwamba jina lake ni mnyang'anyi. Kwamba watemi wengine walizidisha, hilo nalo ni kweli.

Mwisho wa Ugogo ndipo lianzapo Mgunda Mkali. Hili ni pori la vichaka vilivyofungamana, katika nchi ambayo leo ni ya Manyoni na Itigi. Liitwe jangwa au lisiitwe, si kitu. Halina mchanga kama jangwa la Arabuni, nalo lina miti mingi kupita kiasi. Lakini halikuwa na watu ila mahali pachache, kama Jiwe la Mkoa, ambapo Wakimbu walikuwa wamefyeka na kulima. Na pasipo watu hapana unga. Burton na Speke walilipita mwaka 1857 wakati wa kiangazi. Walitoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Taabu waliipata, lakini walifika.

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Kapteni Grant. Mara hii walitoka pwani mwanzo wa Oktoba. Msomaji aliyeyashika maneno yetu ya juu ataweza kuyasema yaliyofuata. Ugogo palikuwa na njaa, kwa sababu ya ukame. Walipoingia Mgunda Mkali mwezi wa Desemba mvua ikaanguka, tena kwa nguvu, na vijito ambavyo kiangazi ni mchanga mtupu vikafurika. Katika pori lile lile ambalo watu waliliogopa kwa kiu, msafara ukasimama kwa sababu ya maji. Chakula kikawaishia. Wakala nyama ya wanyama waliopigwa bunduki, na majani na mizizi ya porini. Wapagazi wakaanza kutoweka usiku. Ikawa lazima kutuma watu mbele hata Kaze kwa Musa, mfanya biashara wa Kihindi, kuomba msaada, naye akaleta watu wa kuwachukulia mizigo. Walifika Kaze tarehe 25 Januari 1861. Speke alipohesabu hasara yake aliandika kwamba katika wapagazi wake wa kwanza, Wanyamwezi 98 wametoroka, nyumbu 12 na punda watatu wamekufa, na zaidi ya nusu ya mali imeibiwa.

Neno hili kutoroka limeandikwa na mwenye mali. Na tulitazame kwa upande wa mwenye bega. Kijana wa Kinyamwezi yuko siku chache kutoka kwao; mvua imenyesha; nyumbani jembe lamngoja, na asipopanda sasa watoto wake watakula nini mwakani? Kambini hapana posho, na bwana wake hawezi kumwahidi kitu ila kungoja. Kuuacha mkataba ni vibaya, na wengine wao walichukua na mali isiyo yao. Lakini twadhani wengi wao hawakukimbia hatari. Walijua tu mwezi ule ni mwezi wa nini.

Wamisionari walipoanza kuja walitaka kujiepusha na wapagazi kabisa. Shauri lao lilikuwa magari ya ng'ombe, kama yale ya Afrika ya Kusini. Mwaka 1876 Roger Price wa Chama cha Misioni cha London alipima njia toka Sadani hata Mpwapwa, akaiona inafaa. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa C.M.S. akatengeneza barabara mpaka Mpwapwa, ya maili zipatazo 230, kwa shoka na jembe, nayo ilikuwa kazi ya sifa. Lakini mbung'o wakawauma ng'ombe wakafa, na mvua ilipokuja magurudumu yakazama topeni. Mtu mwenye mzigo kichwani hupita penye tope, gari halipiti.

Safari ya wale wa London ndiyo yenye mafundisho zaidi. Walitoka pwani mwezi wa Julai 1877 na magari yao. Ng'ombe wakafa, majira ya mvua yakawakuta, wakakaa kambini Kirasa miezi mingi. Mwisho wa Mei 1878, mvua zimekwisha, wakaondoka kwa wapagazi, kwa desturi ya nchi. Wakavuka Marenga Mkali, Ugogo na Mgunda Mkali, wakafika Ujiji mwezi wa Agosti. Mwendo uliokwama kwa miezi mingi ulikwisha kwa miezi mitatu. Lakini mwenzao Thomson alikuwa amechoka mno, akafa Ujiji mwezi uliofuata.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Juni 1878, Mapadre Weupe kumi waliondoka Bagamoyo, nusu yao waende Ziwa Tanganyika na nusu Nyanza. Majira waliyachagua vema. Walakini majira mema hayaondoi homa. Padre Pascal, aliyekuwa mkubwa wa wale wa Tanganyika, alikufa njiani mwezi wa Agosti, kabla ya Tabora, na wenzake wakaendelea. Mwaka 1879 Dakta Mullens, katibu wa Chama cha London, mtu aliyekuwa amezituma safari za wengine kutoka mezani kwake, alikuja mwenyewe kuitazama njia. Akafa mwezi wa Julai, hajafika Mpwapwa.

Baki neno la mvua inapomkuta msafiri njiani, maana hata mwenye kuyajua majira hukutwa siku moja. Wageni walikuwa na koti za mpira na hema, nazo zilivuja. Burton aliwatazama wapagazi wakifanya neno ambalo kwanza aliliona la ajabu: mvua ikianza, mtu alivua ngozi au nguo yake, akaikunja, akaiweka kati ya bega na mzigo. Akaenda uchi katika mvua. Mwili hukauka upesi penye moto, lakini nguo iliyolowa usiku wa baridi huleta ugonjwa. Jioni mwenzetu huyu alikuwa na nguo kavu ya kujifunika, na bwana aliyevaa koti alikuwa akitetemeka. Mitumba ya merikani ilifungwa imara na kufunikwa, tena iliwekwa juu ya magogo, isiguse ardhi. Maana nguo iliyooza ni hongo iliyopotea, na hongo ikipotea msafara hauna maji Ugogo. Baruti ililindwa kama mtoto mchanga.

Msafara mmoja twapenda kuutaja peke yake, kwa kuwa haukuwa na bwana wa Kizungu hata mmoja. Livingstone alipokufa kwa Chitambo, Mei 1873, Susi na Chuma na wenzao waliamua wenyewe kuuchukua mwili wake mpaka pwani. Waliutia chumvi, wakauanika juani siku 14. Jua lile lile ambalo ni adui wa msafiri wakalifanya mtumishi. Kisha wakaenda zaidi ya maili 1,000. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Cameron. Yeye akawashauri wamzike bwana wao pale pale, kwa kuwa njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa. Njiani, waliposikia kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite, waliufunga mwili upya kwa mfano wa mtumba wa nguo, wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe, wakaendelea. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, nao majira ya mvua yalikuwa yamewakuta njiani. Kitabu cha maelezo ya safari hiyo kina majina yao, na hayo ni katika yale machache tuliyoyataja mwanzo.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya Marenga Mkali ikaisha, na vibuyu vikarudi jikoni. Injini za moshi nazo zilihitaji maji, ikawa lazima wahandisi wayatafute katika Ugogo, wachimbe na kuyahifadhi, kama wenyeji walivyofanya tangu zamani. Na kati ya Kilosa na Gulwe reli yafuata bonde la Mto Mkondoa, mahali ambapo misafara ilipanda toka Makata kwenda Mpwapwa. Mto huo umeivunja njia ya reli mara nyingi wakati wa mvua kubwa. Mwanzo wa mwaka 2010 uliibomoa hata treni za bara zikasimama, na mafundi wakashinda majuma mengi ndani ya matope wakibeba mawe mabegani.